Boliti Tatu Zilizongoja Jumapili

Mume wangu alikuwa seremala, na seremala akishika injini huifanyia mambo ya mbao. Aliamini kwamba kitu kikiingia mahali pake kwa kusukumwa kidogo, basi kimeingia. Mikono yake ilikuwa mizuri, hilo sitamnyima. Madawati ya shule kadhaa za upande wetu, kati ya Sironga na Nyamira, yalitoka kwenye karakana yake, na mengine nasikia yanakaliwa mpaka leo. Lakini shule aliiacha darasa la sita, na kitabu cha gari kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo kitabu kilikuwa changu. Mimi nilifika kidato cha pili kabla ya kuolewa. Yeye akiinama ndani ya boneti, mimi nilikaa juu ya gogo nikisoma na kumfasiria kwa Ekegusii. Ndivyo nilivyoijua injini, bila kukusudia.

Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu. Tulikuwa na pikapu kuukuu ya Kijapani, ambayo ilibeba mbao vizuri kwenye tambarare. Sasa Nyamira tambarare iko wapi? Kila ilipofika kwenye mlima ulio baada ya daraja, ilibidi nusu ya mbao ishushwe, gari lipande, lishushe juu, kisha lirudi kuchukua nusu nyingine. Watu walimtania kwamba amenunua punda anayekunywa petroli. Alicheka nao, lakini jambo lile lilimuuma.

Mjini Kisii kulikuwa na mzee aliyeuza vyuma vya magari yaliyopinduka. Tulikwenda kwake pamoja. Alituonyesha kichwa cha injini kilichotoka kwenye gari dogo la watu wa mbio za magari, na kemshafti yake ikiwa ndani, imefunikwa kwa gunia.

"Hii kichwa inaingia kwa injini yako bila maneno," alisema. "Weka hii, hiyo mlima yenu utapanda na gia ya tatu."

"Na ikikataa?" mume wangu aliuliza.

"Ikikataa rudisha. Mimi siendi mahali."

Kemshafti ni mhimili unaozunguka juu ya injini na kufungua vali kwa zamu. Mbele yake pana gia inayovutwa na cheni, na gia hiyo hushikwa kwenye mhimili kwa boliti tatu. Zikilegea mpaka zikatoka, gia inauacha mhimili, vali zinasimama, na gari linakufa hapo lilipo. Haya nayajua vizuri kuliko ninavyoyajua mafungu mengi ya Biblia, na katika familia niliyoolewa hilo si jambo la kujisifu.

Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa. Kwetu ni Wasabato kwa kizazi cha tatu sasa. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufa, na mzee aliishi nyumba ya mbele, sisi nyuma, karakana ikiwa katikati. Kazi ile ya injini hakuipenda. Alikuja siku moja, akasimama mbali kidogo kwa sababu mimi nilikuwepo, na mke wa mwana na baba mkwe hawakaribiani ovyo. Alimwambia mwanawe kwamba gari lina moyo wake, na mtu hawekewi moyo wa jirani. Mzee aliyarudia maneno yale mbele ya wazee wenzake, wakacheka, na tangu siku hiyo mume wangu akawa anafanya ile kazi kama mtu anayeapa.

Nilikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa nane umekwisha. Tulihesabu tukaona zimebaki wiki tatu.

Alhamisi injini iliwaka. Tulipanda mlima wa baada ya daraja kwa gia ya tatu, gari likiwa na mbao sita kubwa nyuma. Mume wangu alipiga usukani kwa kiganja akacheka peke yake. Tukiwa njiani kurudi, ukaanza mlio mbele ya injini, kama maharagwe makavu yanayokaangwa. Tulipofungua kifuniko cha juu nyumbani, tukakuta zile boliti tatu zimelegea. Nikasoma tena ukurasa ule. Kitabu kilisema kwamba chini ya boliti huwekwa bati jembamba, na kingo zake hukunjwa juu ya vichwa vya boliti ili zisijifungue. Bati hilo hatukuwa nalo. Yule mzee wa Kisii hakutupa, na mimi nilikuwa nimeuruka mstari huo niliposoma mara ya kwanza, kwa sababu sikulijua neno lenyewe nikaona haya kusema.

Ijumaa alikwenda mjini kulitafuta. Alirudi saa kumi na moja jioni, na Ijumaa saa kumi na moja kwetu ni saa ya kumalizia. Chakula cha kesho kilikuwa tayari, maji yamechotwa, viatu vimepakwa rangi. Tulizing'oa zile boliti, tukaweka bati, kisha nikazirudisha mimi, kwa kuwa nafasi kati ya gia na ukuta wa injini ilikuwa nyembamba na vidole vyake havikupita. Niliziingiza moja baada ya nyingine kwa ncha za vidole, nikizungusha polepole nisije nikaidondosha tumboni mwa injini. Zilifika mwisho wa nguvu za vidole vyangu. Iliyobaki ilikuwa kazi yake: kuzikaza kwa spana ndefu, kisha kuzikunjia bati.

Alikuwa ameshika spana tayari mzee alipoanza kuimba barazani kwake.

Yeyote aliyelelewa kama sisi anajua maana yake. Jua limegusa mlima, Sabato imefunguliwa, na kilicho mkononi kinawekwa chini hapo hapo. Huwezi kusema ngoja nimalizie hii moja. Mume wangu alilaza spana juu ya benchi. Mawingu yalikuwa yamejaa, kwa hiyo alirudisha kifuniko cha injini na kukishika kwa skrubu mbili tu ili mvua isiingie. Akanitazama, nikamtazama, tukaenda kunawa.

Na si kazi tu iliyokatazwa. Maneno ya kazi pia. Kuanzia jua la Ijumaa hadi jua la Jumamosi hatukuzungumzia mbao, wala bei, wala chai, wala gari. Mzee alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko hata kwa kazi yenyewe. Alisema mikono hupumzika upesi, ni ulimi unaoendelea kufanya biashara. Nami niliipenda amri ile, sitadanganya. Ilikuwa siku moja katika wiki ambayo hakuna aliyeniuliza kitu.

Jumamosi kanisani nilikaa upande wa wanawake. Katikati ya mahubiri nilizikumbuka boliti. Sijui kwa nini. Nilijiangalia vidole, nikaona mafuta meusi yamebaki chini ya kucha, na nikajiambia kwamba Jumapili asubuhi nitamkumbusha. Kisha nikasikiliza mahubiri.

Saa tisa mchana, baada ya kula, maji yalimwagika. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Uchungu ulikuja haraka, bila zile dalili za pole pole nilizoambiwa na wanawake. Mume wangu alikimbilia pikapu, na mzee akatoka barazani na Biblia yake mkononi.

"Tata, nitaendesha," mume wangu alimwambia baba yake. "Nampeleka Nyamira."

"Ng'ombe ametumbukia shimoni," mzee akajibu. "Bwana mwenyewe aliruhusu atolewe siku ya Sabato. Nenda."

Kwa hiyo ruhusa ilikuwepo. Nalisema hilo wazi kwa sababu wapo waliokuja kusema baadaye kwamba dini yetu ndiyo iliyotuponza. Mzee alitoa ruhusa kabla hata hajaulizwa. Alisogea nyuma, akageuza uso, kwa maana nilikuwa nimelowa na hakupaswa kuniona hivyo, na kwa sababu hiyo hiyo hakupanda nyuma ya gari kutusindikiza.

Mume wangu aliniinua akaniketisha. Mguu wangu ulipoingia garini nilizikumbuka boliti mara ya pili. Hili ndilo ninaloliandika. Nilizikumbuka vizuri kabisa, nikaliona lile bati na kingo zake zimesimama wima, hazijakunjwa. Kukaza boliti tatu na kukunja bati ni kazi ya dakika kumi, pamoja na kufungua kifuniko. Nilifungua mdomo. Mzee alikuwa hatua chache kutoka kwetu, mgongo ametupa lakini masikio anayo. Ningesema mbele yake kwamba kazi ya mwanawe haijaisha, kwamba ule moyo wa jirani haujafungwa. Nikafunga mdomo. Nilijiambia kwamba mwenye gari anajua gari lake. Pia nilikuwa na uchungu, na pia niliona aibu ya kusikika sauti nikiwa katika hali ile. Sababu nimezikusanya nyingi kwa miaka yote hii, na nikizipanga upande mmoja hazifikii uzito wa mtoto mmoja.

Injini iliwaka vizuri. Tulishuka mpaka darajani, tukaanza mlima kwa gia ya tatu. Ule mlio wa maharagwe ukarudi, ukazidi, kisha pakalia kishindo kimoja kikubwa na injini ikazimika. Mume wangu alizungusha ufunguo mara nyingi. Injini ilizunguka kiurahisi sana, bila kushika, na wote wawili tulijua maana yake. Alivuta breki ya mkono. Hakufungua boneti.

Ilikuwa saa ya watu kutoka mkutano wa mchana. Walikuwa wakiteremka na nguo zao za Sabato, miavuli na vitabu vya nyimbo kwapani. Wanawake watatu waliniona wakaja mbio, wakamwambia mume wangu asimame kule. Walinibeba hadi nyumba ya karibu, nyumba ya watu tusiowajua. Mume wangu alikimbia kutafuta gari lingine, na mchana ule wa Sabato magari barabarani hayakuwapo.

Mtoto alikuja ametanguliza miguu. Mmoja wa wale wanawake, mtu mzima aliyewahi kuzalisha, alifanya aliloweza. Mtoto alikuwa msichana. Hakulia. Walimfunga kwa leso ya mmoja wao, mpya kabisa, iliyokuwa imevaliwa kanisani siku hiyo tu.

Muuguzi aliyenihudumia Nyamira jioni ile, gari lilipopatikana hatimaye, aliniambia kwamba watoto wanaotanguliza miguu huzaliwa salama hospitali, wengi wao. Alikuwa akinifariji kwa ajili ya mimba zijazo. Nilimshukuru.

Alizikwa upande wa migomba. Hakupewa jina, na mimi sikuomba apewe. Wiki zilizofuata sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka nilichuma chai. Nakumbuka maziwa yaliendelea kuja na mwanamke jirani alinifundisha kujifunga kitambaa. Watu walikuja kutupa pole, nikawapikia, nikawauliza habari za nyumbani kwao. Walisema nina moyo. Sikuwa na moyo wowote, nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi, unaukanyagia na hujui kama uko chini. Siku moja kikao cha wanawake kilikuwa kikimsema msichana fulani aliyeficha ugonjwa, na mmoja, mwalimu, akasema ile methali ya shuleni: mficha uchi hazai. Niliondoka nikaenda kuangalia moto. Moto ulikuwa sawa.

Pikapu ilivutwa kwa ng'ombe ikarudishwa karakana. Mume wangu hakuigusa. Mbao alizibeba kwa mkokoteni wa kukodi, na kila alipoingia karakana alilipita gari upande wa mbali. Mzee naye hakusema hata neno moja kuhusu moyo wa jirani. Nilimngoja aseme. Nadhani ningemchukia, na kumchukia kungekuwa nafuu.

Mwezi wa pili baada ya mazishi nilichoka kuliona gari lile. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mume wangu akiranda mbao ya mlango. Nilichukua kitabu, nikafungua boneti, nikaondoa zile skrubu mbili za kifuniko. Ndani boliti moja ilikuwa imekaa kwa uzi mmoja wa mwisho. Ya pili ilikuwa imelala pembeni juu ya kichwa cha injini. Ya tatu haikuwepo. Gia ilikuwa imeteleza, inaning'inia kwenye cheni. Lile bati lilikuwa limepinda lakini halikukatika.

Nilisikia randa imenyamaza nyuma yangu. Sikugeuka.

Kwenye redio mbovu iliyokuwa darini nilitoa sumaku ya spika, nikaifunga kwenye waya, nikaiteremsha pale ambapo cheni inapita. Nilivua kwa muda mrefu. Sumaku ilinasa kila chuma isipokuwa nilichokitaka. Hatimaye ikagonga kitu kidogo, nikavuta taratibu, boliti ikatoka ikiwa inadondosha mafuta. Niliipangusa kwa pindo la nguo. Ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

Kitabu kilisema injini izungushwe kwa mkono mpaka alama ya chini ifike mahali pake, halafu gia ya juu ipangwe mpaka alama yake ikutane na ile ya kwenye cheni. Spana ya kuzungushia ilikuwa nzito kwangu. Mikono ya mume wangu ikaja ikaishika. Alizungusha, mimi nikatazama alama, nikasema "hapo", akaacha. Kuona kwamba hakuna vali iliyopinda kulinipa hasira kidogo, nakumbuka hilo. Nilitaka kitu kingine kiwe kimevunjika.

Niliingiza boliti kwa vidole kama mara ya kwanza. Moja, mbili, tatu. Alizikaza kwa spana ndefu, mishipa ya shingo ikamsimama, akarudia ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudia tena. Kisha akachukua patasi yake ya mbao, ile nzuri ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, akakunja kingo za bati moja moja juu ya vichwa vya boliti, akizigonga polepole kwa nyundo. Kazi ya bati ilimchukua dakika mbili. Kukaza na kukunja, yote ilikuwa dakika kumi, kama nilivyokisia nikiwa mlangoni mwa gari.

Tukafunika, safari hii kwa skrubu zote nane, akaiwasha. Injini ilinguruma sawasawa, hakuna mlio. Alisimama mbele yake mikono ikining'inia, mafuta yamemjaa hadi kwenye viwiko.

"Nilikumbuka," alisema.

Nikamuuliza alikumbuka nini, ingawa nilijua.

"Boliti. Nilipokuwa nakupandisha. Nikaona nikifungua boneti pale, Tata ataona sijamaliza. Nikasema zitafika. Ni maili nne tu." Alikuwa akiitazama injini. "Wewe hukukumbuka. Wewe ulikuwa na uchungu, ulinitegemea mimi."

Nilikuwa na nafasi. Nafasi kubwa, hakuna mzee aliyekuwa karibu, haikuwa Sabato, sikuwa na uchungu wowote. Ningesema hata mimi nilikumbuka. Niliyaona maneno yale yakiwa tayari, nikamwona yeye akiyasikia, nikaona jinsi mabega yake yangeshuka. Nikamwambia azime injini, petroli ilikuwa imebaki kidogo.

Tulipata watoto wengine wanne, wote Nyamira hospitali, kila mara akinipeleka wiki moja kabla nikalale kwa binamu yangu mjini. Pikapu ile ilipanda mlima kwa gia ya tatu kwa miaka sita bila tatizo, kisha tukaiuza kwa mchuuzi wa ndizi. Mume wangu alikuwa mtu mwema nyumbani, na mpole kupita kiasi kwangu, upole wa mtu anayelipa. Niliupokea. Akiniletea kitambaa cha gauni kutoka Kisii, niliupokea. Akinyamaza kila nilipokosea, niliupokea pia.

Alipougua mara ya mwisho alikaa kitandani miezi mitatu, na jioni moja alinishika mkono akayarudia maneno yale yale ya karakana, kwa mpangilio ule ule, kwamba yeye alikumbuka na mimi sikukumbuka. Aliniomba nimsamehe kabla hajaenda.

Nilimwambia nimemsamehe. Akafumba macho, akalala vizuri usiku ule, na siku ya tatu akafariki.